Kuseti na Kutengeneza Kompyuta Dukani: Lini Pesa Yako Inafanya Kazi na Lini Unapigwa

Kompyuta mpakato imeshachaguliwa, bei imeshakubaliwa, pesa inahesabiwa. Hapo ndipo muuzaji anatupa swali lake la mwisho: "Tukusetie kabisa?" Kwa nyongeza kidogo tu, fundi wa duka ataweka Windows, Office, kinga ya virusi na "vitu vyote muhimu", na mteja ataondoka na mashine iliyo tayari kwa kazi.

Wengi hukubali bila kuuliza. Wanaona aibu kusema hawajui, au wanaogopa kuharibu kitu walichokitafutia pesa kwa miezi kadhaa. Lakini jibu la swali hilo linaweza kumgharimu mtu mara mbili: pesa inayotoka siku hiyo, na usumbufu unaokuja baadaye pale mashine inapodai ufunguo ambao anao fundi peke yake.

Hata hivyo si kila huduma ya dukani ni ulaji. Zipo kazi ambazo fundi mzuri anastahili kila shilingi anayolipwa. Makala hii inatenganisha hizo mbili.

KWA NINI DUKA LINASISITIZA SANA HUDUMA HII

Biashara ya kompyuta ina ushindani mkali. Mteja anaweza kuulizia bei maduka matano ya mtaa mmoja, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, na kila duka linajua jirani yake anauza kwa bei gani. Faida kwenye mashine yenyewe inakuwa ndogo. Faida nono inabaki kwenye vitu ambavyo mteja hawezi kulinganisha bei kirahisi: begi, kipanya, waranti ya nyongeza, na kazi ya fundi.

Mambo hayo si ya huku tu. Nchini Marekani mwaka 1994, kijana aitwaye Robert Stephens alianzisha huko Minneapolis huduma ya kutengeneza kompyuta iliyoitwa Geek Squad. Mwaka 2002 ilinunuliwa na kampuni ya maduka ya Best Buy, na leo mafundi wake wanapatikana ndani ya maduka hayo. Wafanyabiashara wakubwa walishaona kwamba anayenunua kompyuta leo atahitaji msaada kesho, na ni afadhali msaada huo aulipie pale pale aliponunua.

Hakuna ubaya katika hilo. Ubaya unaanza pale mteja anapolipia kitu ambacho tayari anacho, au anapouziwa ugonjwa ambao mashine yake haina.

"KUSETI" NI KUFANYA NINI HASA?

Neno hili linabeba mambo mengi, na kila moja lina thamani yake. Kabla ya kulipa, ni vizuri kuyatenganisha.

Kuwasha mara ya kwanza. Kompyuta mpya iliyotoka kiwandani na Windows ndani yake inamwongoza mtu hatua kwa hatua: chagua nchi, chagua kibodi, unganisha na Wi-Fi, weka akaunti, weka nenosiri. Haina tofauti kubwa na kuwasha simu mpya. Aliyeweza kuseti simu yake ya Android anaweza na hii. Kulipia hatua hiyo peke yake ni kulipia kazi ya kubonyeza "Next".

Kupakua masasisho. Baada ya kuwashwa, Windows hutafuta masasisho yenyewe. Kazi hii haihitaji ujuzi ila inahitaji muda na bando, na masasisho ya mara ya kwanza yanaweza kula gigabaiti kadhaa. Kwa mtu asiye na Wi-Fi nyumbani, duka lenye intaneti nzuri linaweza kumwokolea pesa kweli. Hii ni sababu halali ya kuseti dukani, ingawa wauzaji wachache huitaja.

Kinga ya virusi. Windows 10 na Windows 11 zinakuja na kinga yake, Microsoft Defender, ambayo inafanya kazi bila malipo tangu siku ya kwanza. Kwa matumizi ya kawaida ya mwanafunzi au mfanyakazi wa ofisi inatosha, mradi masasisho hayajazimwa na mtu habofyi kila kitu anachoona. Anayeambiwa kwamba kompyuta mpya "haina kinga yoyote" mpaka anunue, haambiwi ukweli.

Office. Word, Excel na PowerPoint zinaweza kutumika bure kwenye kivinjari kwa mwenye akaunti ya Microsoft. LibreOffice ni programu kamili ya bure inayofanya kazi bila intaneti na inafungua faili za Word na Excel. Anayehitaji Office kamili anunue leseni halali, na risiti ya leseni iwe na jina lake.

Kuhamisha faili. Kutoa picha, nyaraka na kazi za zamani kwenye kompyuta ya zamani na kuziweka kwenye mpya kunaweza kuchukua saa nyingi. Hapa fundi anafanya kazi ya kweli, hasa kama mashine ya zamani imeshaanza kusumbua. Mwenye diski ya nje au flashi kubwa anaweza kujifanyia, lakini kulipia si upotevu.

Kupiga Windows. Mashine nyingine huuzwa bila mfumo wowote, au ni za mtumba ambazo diski yake imefutwa. Hapo kazi ya fundi ina maana. Lakini kuna jambo moja la kujua: kompyuta nyingi zilizotengenezwa tangu enzi ya Windows 8 na kuuzwa na Windows halali zina leseni iliyohifadhiwa ndani ya ubao mama wenyewe. Fundi akipiga upya toleo linaloendana na leseni hiyo, Windows inajitambua pale mashine inapopata intaneti. Hakuna haja ya kununua namba nyingine. Microsoft inatoa bure kifaa cha kuandalia flashi ya kupigia Windows, na flashi ya GB 8 inatosha. Anayelipwa hapo ni fundi kwa muda wake, basi.

WINDOWS 11 KWENYE MASHINE YA ZAMANI

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, ukiacha mpango wa nyongeza wa muda. Tangu hapo "tutakuwekea Windows 11" limekuwa neno tamu mdomoni mwa wauzaji wa mashine za mtumba.

Ukweli ni kwamba Windows 11 ina masharti. Inataka angalau RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64, na kifaa cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0. Kwa upande wa prosesa za Intel, kwa ujumla inataka kizazi cha 8 kwenda juu. Fundi mjanja anaweza kuipenyeza kwenye mashine ya kizazi cha 4 au cha 6, na itawaka vizuri tu. Lakini Microsoft haiitambui mashine hiyo kuwa inafaa, na haitoi uhakika kwamba itaendelea kupata masasisho.

Kwa hiyo mnunuzi wa mashine ya mtumba aulize kizazi cha prosesa kabla ya kuuliza bei ya kuseti. Kama ni cha zamani, kuna njia nyingine: kupunguziwa bei, au kuwekewa Linux Mint au Ubuntu, mifumo ya bure ambayo inaenda vizuri kwenye mashine za umri huo kwa kazi za kuandika na kuperuzi.

MTEGO WA AKAUNTI YA FUNDI

Hili ndilo kosa la kuseti dukani linaloumiza watu kimya kimya.

Fundi ana haraka. Mteja hana barua pepe, au ameisahau nenosiri lake, au hakuwepo wakati mashine inasetiwa. Fundi anaweka akaunti yake mwenyewe ili kazi iishe. Mashine inawaka, kila mtu anafurahi.

Tatizo ni kwamba kompyuta nyingi za Windows 11 zikishaingizwa akaunti ya Microsoft hujifunga diski zenyewe kwa usimbaji, yaani data inageuzwa kuwa fumbo ambalo bila ufunguo halisomeki. Ufunguo wa akiba, wenye tarakimu 48, huhifadhiwa kwenye akaunti ile iliyotumika. Siku mashine ikibadilishwa kifaa fulani au mipangilio ya ndani ikiguswa, inaweza kuwaka na skrini ya bluu inayodai tarakimu hizo.

Kama akaunti ni ya mwenye mashine, anaingia kwenye simu yake, anafungua tovuti ya Microsoft, anasoma ufunguo na maisha yanaendelea. Kama akaunti ni ya fundi aliyehama duka mwaka jana, tasnifu, mahesabu ya biashara na picha za familia vyote vimekwenda. Hata fundi bingwa wa mji mzima hawezi kuvifungua bila ufunguo.

Dawa yake ni rahisi. Mteja afungue akaunti yake mwenyewe kwenye simu kabla ya kwenda dukani, na nenosiri aliandike yeye kwa mkono wake, si kwa mkono wa fundi. Mashine ikishakuwa tayari, afungue Settings, aingie Accounts, ahakikishe jina na barua pepe vinavyoonekana ni vyake.

PROGRAMU ZA KUKRAKI: BURE INAYOGHARIMU

Vifurushi vingi vya "kuseti kwa bei poa" vina siri moja: Windows na Office zinazowekwa si halali. Zimekrakiwa, yaani zimedanganywa zione kama zina leseni. Mara nyingi programu ya kudanganyia haifanyi kazi mpaka kinga ya Defender izimwe kwanza.

Hebu lifikirie hilo. Mteja analipa ili mlinzi wa nyumba aondolewe, kisha mgeni asiyejulikana aachiwe funguo. Programu za aina hiyo zimekuwa njia maarufu ya kuingizia virusi vya kuiba manenosiri, na leo ndani ya kivinjari cha mtu kuna barua pepe, mitandao ya kijamii, hata akaunti ya benki.

Njia ya kukagua haina ufundi. Fungua Settings, ingia System, kisha Activation, uone kama Windows inasema ni hai na kwa leseni ya aina gani. Halafu fungua Windows Security uone kama kinga imewashwa. Ikiwa imezimwa, au kuna mafaili yameruhusiwa yasikaguliwe, muulize fundi sababu kabla hujatoka dukani.

VIRUSI AMBAVYO HAVIKUWEPO

Kuna huduma nyingine inayopendwa na maduka: ukaguzi wa bure. Mteja analeta mashine iliyo nzito, fundi anaendesha programu ya kukagua, skrini inaonyesha maandishi mekundu, na hapo hapo inakuja bei ya kusafisha.

Kisa kikubwa kilichowahi kuwekwa wazi kuhusu mchezo huu kilitokea Marekani. Mwezi Machi 2019, mamlaka ya nchi hiyo inayosimamia ushindani na haki za walaji, FTC, ilitangaza kwamba kampuni ya maduka ya vifaa vya ofisi ya Office Depot ingelipa dola milioni 25, na kampuni iliyoiundia programu ya ukaguzi, Support.com, dola milioni 10, kumaliza madai dhidi yao.

Madai yalikuwa hivi. Kabla ya ukaguzi, mteja aliulizwa maswali manne: je, kompyuta imekuwa nzito, inaonyesha matangazo yasiyotakiwa, imetoa onyo la virusi, au inazimika mara kwa mara? Jibu la "ndiyo" kwenye swali lolote kati ya hayo lilitosha programu kutangaza kwamba kuna dalili za virusi. Kilichokuwemo kwenye diski hakikuwa na uzito wowote. Kisha mteja aliuziwa huduma za kurekebisha, nyingine zikifika mamia ya dola. Kwa mujibu wa FTC, mtindo huo ulidumu kuanzia mwaka 2009 mpaka Novemba 2016, baada ya kituo kimoja cha televisheni cha Seattle kupeleka kompyuta mpya kabisa kwenye maduka hayo na kuambiwa zina dalili za virusi.

Somo lake linatumika popote. Uzito wa kompyuta si ushahidi wa virusi. Mashine inaweza kuwa nzito kwa sababu diski ni ya zamani, RAM ni ndogo, nafasi imejaa, au feni imejaa vumbi. Fundi mkweli anataja jina la virusi alivyovipata na anaonyesha faili liko wapi. Anayeonyesha rangi nyekundu tu na kutaja bei, ajibiwe kwa heshima: "Asante, nitarudi."

MATENGENEZO YANAYOSTAHILI KULIPIWA

Hapa sasa ndipo fundi anapokula jasho lake.

Kubadilisha diski ya HDD kuweka SSD. Kwa kompyuta ya zamani inayochukua dakika nyingi kuwaka, hakuna matengenezo mengine yanayoleta tofauti kubwa kama hii kwa pesa hiyo. HDD inazungusha sahani ndani kama santuri, wakati SSD haina kinachozunguka. Mteja aulize ukubwa na aina ya SSD, aombe arudishiwe diski yake ya zamani, na faili zihamishwe kwanza.

Kuongeza RAM. Mashine yenye GB 4 inapata afueni ikifika GB 8, hasa kwa anayefungua kurasa nyingi za intaneti kwa pamoja. Ila kompyuta nyembamba za siku hizi nyingi RAM yake imeunganishwa moja kwa moja kwenye ubao na haiongezeki, kwa hiyo ni vizuri kuuliza mapema.

Kusafisha feni na kubadilisha pasta ya prosesa. Mji wenye vumbi unaumiza mashine. Kompyuta inayopiga kelele na kuchemka mpaka inazima mara nyingi inadai usafi tu. Kazi hii ina gharama ndogo na faida kubwa.

Kioo, kibodi, betri na bawaba. Vitu hivi vinahitaji kifaa sahihi na mkono uliotulia. Thamani ya kazi inategemea ubora wa spea. Kwa betri kuna njia ya kukagua mwenyewe: andika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri, na Windows itatoa ripoti inayoonyesha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Betri "mpya" ambayo ripoti inaonyesha uwezo umeshuka nusu si mpya.

Maji au chai iliyomwagikia kibodi. Zima mara moja, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, igeuze kichwa chini, na ipelekwe kwa fundi siku hiyo hiyo. Kuiweka kwenye mchele hakusaidii kitu, na kuijaribu "kuona kama inawaka" ndiko kunakounguza ubao.

Kurudisha faili zilizopotea. Kazi hii ni ya mtaalamu, na haraka ya mteja ndiyo adui yake. Mtu akigundua faili limefutika, aache kutumia mashine papo hapo, kwa sababu kila kinachoandikwa upya kinaweza kufunika kilichofutwa. Kwenye HDD nafasi ya kurudisha ni nzuri kiasi. Kwenye SSD ni ndogo, kwa kuwa mfumo husafisha nafasi ya faili lililofutwa kwa utaratibu wake.

Kuhusu bei, mafundi wengi wenyewe hufuata kipimo hiki: gharama ya kutengeneza ikizidi nusu ya bei ya mashine nyingine ya kiwango hicho hicho, afadhali pesa hiyo iwe mtaji wa kununua nyingine. Isipokuwa kama ndani kuna data isiyo na nakala, maana hapo kinachookolewa ni data, si chuma.

ANAYESHIKA MASHINE ANASHIKA NA SIRI

Gharama nyingine haiandikwi kwenye risiti. Kompyuta ya mtu ni kabati lake la siri. Je, fundi analifungua?

Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph nchini Kanada walitoa matokeo ya jaribio lao. Walipeleka kompyuta mpakato kwenye maduka ya matengenezo, huku ndani wakiwa wameweka programu ya kurekodi kila kinachofanywa. Kumbukumbu kutoka maduka 12 zilionyesha kwamba mafundi wa maduka 6 walifungua vitu binafsi visivyohusiana na tatizo, na maduka 2 yalinakili data kwenda kwenye vifaa vyao. Mashine zilizoonekana ni za wanawake ziliguswa zaidi. Katika sehemu nyingine ya utafiti, watafiti waliomba kubadilishiwa betri tu, kazi isiyohitaji nenosiri, na karibu maduka yote isipokuwa moja yalitaka nenosiri.

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Zote zinampa mtu haki juu ya taarifa zake. Lakini picha ikishasambaa kwenye makundi ya WhatsApp, sheria hairudishi kilichomwagika. Kinga inaanzia nyumbani:

Nakili faili zote muhimu kwenye diski ya nje kabla ya kupeleka mashine.

Toka kwenye barua pepe, mitandao na benki, na ufute manenosiri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari.

Fungua akaunti ya pili ya kawaida kwenye Windows kwa ajili ya fundi, ili asiingie kwenye yako.

Kama kazi ni ya betri, kioo au kibodi, usitoe nenosiri. Subiri pale pale ikiwezekana, ukague mwenyewe.

Kama umelazimika kutoa nenosiri, libadilishe siku mashine inaporudi.

WARANTI: USILIPIE UNACHODAI BURE

Kabla ya kulipia matengenezo, angalia kama mashine bado iko ndani ya waranti. HP, Dell na Lenovo zote zina ukurasa ambapo mtu anaandika namba ya mashine iliyo chini ya kompyuta na kuona waranti inaisha lini. Mashine iliyonunuliwa Dubai au kutumwa na ndugu aliye Ulaya inaweza kuwa na waranti, lakini si kila waranti inavuka mipaka, kwa hiyo ikaguliwe mapema.

Kuna tofauti pia kati ya waranti ya kiwanda na waranti ya duka. Ya kiwanda inafuata namba ya mashine. Ya duka inafuata neno la muuzaji, na neno bila karatasi ni upepo. Idai kwa maandishi: inahusu vifaa gani, kwa muda gani, na je, betri na chaja zimo? Kwa Tanzania risiti iwe ya EFD. Ndiyo ushahidi wa kwanza utakaoulizwa pakitokea ubishi.

DUKANI AU KWA FUNDI WA MTAANI?

Duka kubwa lina anwani, risiti na jina la kulinda. Udhaifu wake ni kwamba anayepokea mashine si anayeitengeneza, na mara nyingine inapelekwa kwa fundi yule yule wa mtaani huku bei ikipanda njiani. Fundi wa mtaani anaonekana kwa macho, anajadilika, na wengi wao wana uzoefu mkubwa wa kutengeneza ubao mama ambao duka lingesema tu "hiyo nunua nyingine". Udhaifu wake ni karatasi: hakuna risiti, hakuna waranti, na kesho anaweza kuwa amehama.

Popote pale, maswali ya kuuliza ni haya. Tatizo ni nini hasa, na umelijuaje? Spea ni mpya au ya mtumba? Bei ya spea ni kiasi gani, na ya kazi ni kiasi gani? Faili zangu zitaguswa? Kile kibovu nitarudishiwa? Likirudi tatizo hilo hilo ndani ya mwezi, nani analipa? Fundi anayejibu yote sita bila kukasirika, ni fundi wa kuhifadhi namba yake.

KWA HIYO, ILIPIWE AU ISILIPIWE?

Mwenye kompyuta mpya iliyokuja na Windows halali na aliyewahi kuseti simu yake, hana sababu ya kulipia kuseti. Atumie jioni moja na Wi-Fi, na pesa hiyo anunue diski ya nje ya kuhifadhia nakala. Hiyo itamfaa zaidi kuliko kifurushi chochote cha dukani.

Mzee anayehamishiwa picha za miaka kumi, mwenye biashara anayehitaji mashine tatu zianze kazi Jumatatu, au mtu asiye na intaneti ya kutosha nyumbani, alipe bila kujuta, ila akae karibu na akaunti iwe yake.

Aliyevunja kioo, aliyemwagia chai, mwenye mashine nzito inayodai SSD, huyo anahitaji fundi. Alipie kazi iliyotajwa kwa jina, kwa bei iliyoandikwa, kwa spea aliyoiona.

Na anayeambiwa kompyuta yake mpya ina virusi kabla haijamaliza hata siku moja, afunge mashine yake taratibu, aage, aende duka la jirani.